Kilio Kilichopigwa Picha Ugenini

Ndege iliyomleta Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, hadi Katanga ilitua uwanja wa ndege wa Luano tarehe 17 Januari 1961, saa kumi na moja ya jioni ikikaribia. Hapakuwa na kamera. Askari wachache wa Umoja wa Mataifa kutoka Uswidi, waliokuwa zamu uwanjani, waliona kwa mbali wanaume watatu waliofungwa vitambaa machoni wakisukumwa na kupigwa hadi garini, kisha msafara ukaondoka. Picha zozote za mwendo tulizonazo kichwani kuhusu jioni ile ni za kuigiza. Zile maarufu zaidi, za filamu ya *Lumumba* ya Raoul Peck ya mwaka 2000, hazikupigwa Luano wala pengine popote katika Kongo. Nchi ilikuwa vitani. Peck, Mhaiti aliyekulia Léopoldville (Kinshasa ya leo) baada ya wazazi wake kuja kufanya kazi huku, alilazimika kupeleka kamera zake Zimbabwe na Msumbiji.

Luano si mbali na Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Niliiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza kwenye CD ya kunakili, sebuleni kwa baba mkubwa, umeme ukikatika na kurudi, jenereta ya jirani ikinguruma nyuma ya ukuta. Sebule ilijaa wapangaji, watoto wa mtaa, na mama mmoja aliyeacha mafungu yake ya makaa nje bila mwangalizi. Baba mkubwa alikuwa mtu wa kuongea na televisheni. Alimkosoa refa, alimkosoa waziri, na usiku ule alimkosoa Peck. Gari la wafungwa lilipoingia porini, alijisogeza mbele ya kiti, akakodoa macho, akasema: "Ile haiko Katanga. Bichuguu biko wapi?"

Watu walicheka, wengine wakamwambia anyamaze wasikie maneno. Lakini anayeijua nyanda ya Lubumbashi anaelewa alichokuwa anakitafuta. Huku vichuguu vinasimama porini virefu kupita paa la nyumba, na nyumba nyingi za jiji hili zimejengwa kwa tofali zilizochomwa kutokana na udongo wake. Kisha alikuja na jambo la pili: Januari ni katikati ya masika, majani yamefika kifuani, barabara ya udongo ni tope jekundu linalonasa gurudumu. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano Januari ile. Hakuona lolote la mauaji, na hakuwahi kudai kwamba aliona. Alichokuwa nacho ni hali ya hewa ya siku zile, na hiyo ndiyo aliyoikosa kwenye skrini.

Amefariki sasa. Tangu tumzike nimeitazama tena filamu ile mara kadhaa, na kila mara naona kwamba yeye ndiye niliyekaa naye, si Peck. Swali lake la vichuguu lilionekana dogo mbele ya msiba wa taifa. Kwangu limekua. Kuna namna ya kupoteza mtu ambamo unabaki angalau na mahali: pale alipoangukia, mti ule, kona ile. Sisi mahali tunapo. Picha ndizo zilizokwenda kupigwa kwingine.

Mahali penyewe ni Shilatembo, kilomita hamsini hivi kutoka mjini, ukiwa umeifuata barabara ya Likasi. Tume ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza jambo hili mwaka 2000 na 2001 ilikiweka kifo cha Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito kati ya saa 3:40 na saa 3:43 usiku. Aliyeamuru risasi zipigwe alikuwa Kapteni Julien Gat, Mbelgiji. Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga, alikuwepo, na baadhi ya mawaziri wake pia. Yaliyofuata yanajulikana, ila kila nikiyaandika mkono unakuwa mzito: kamishna wa polisi, Gérard Soete, alitumwa kuifukua miili, akaikatakata kwa msumeno na kuiyeyusha katika asidi ya salfuriki. Asidi hiyo Lubumbashi inaijua vizuri. Ndiyo inayotumika kwenye viwanda vya shaba, na malori yake yenye alama za hatari hupishana na mabasi yetu kwenye barabara ya Kasumbalesa kila siku ya Mungu.

Filamu ya Peck inaanzia hapo hapo, kwenye Wazungu wawili usiku wakiwa na kazi yao, huku sauti ya marehemu ikisimulia. Wapo walioona kwamba ni ukatili kumfungulia mtazamaji mlango huo. Mimi naona alikuwa na haki. Huwezi kuonyesha maisha ya mtu huyu kana kwamba yaliishia kaburini, wakati kaburi ndilo alilonyimwa. Mwigizaji Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kameruni, aliukopesha mwili wake kwa mtu asiye na mwili, na vijana wengi wakilisikia jina la Lumumba huuona uso wa Ebouaney kwanza. Sioni aibu katika hilo. Maiti haipo, basi kivuli chake kwenye ukuta kimefanya kazi ambayo maiti ingeifanya: watu wamepata cha kukitazama, wakalia.

Lakini sinema ya kwanza kabisa ya kifo hiki haikutengenezwa na Peck. Ilitengenezwa na serikali ya Katanga yenyewe, Februari 1961. Kwanza ilitangazwa kwamba wafungwa wametoroka. Waandishi wa habari wakapelekwa kuonyeshwa tundu ukutani, wakaonyeshwa na gari lililodaiwa kutumiwa na watoro. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akatangaza kwamba wanavijiji wamewakamata watatu hao na kuwaua. Kijiji hakikutajwa. Hapo palikuwa na jukwaa, vifaa, hadithi na watazamaji.  Baba mkubwa alikumbuka tangazo hilo kwenye redio, na alikumbuka kwamba hakuna mtu mzima nyumbani kwao aliyesema neno. Baba yake aliinuka, akatoka nje, akakaa kwenye kibaraza. Basi. Nimejaribu kuwaza mtengenezaji wa filamu angeipigaje picha sekunde ile ya mzee kuinuka bila neno, naona wengi wangeongezea muziki.

Filamu zimetuhadaa mara nyingi, nitafika huko, ila katika jambo la Shilatembo kuna filamu moja iliyofichua. Mjerumani Thomas Giefer, katika makala yake ya televisheni ya mwaka 2000, alimkalisha Soete mbele ya kamera. Mzee yule, ambaye alikuwa katika miezi yake ya mwisho duniani, alionyesha meno aliyosema ni ya Lumumba. Ameketi kwake Ubelgiji, ametulia, anaeleza. Baadaye alidai kwamba ameyatupa katika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 2016 binti yake alimwonyesha mwandishi wa habari jino, mashtaka yakafunguliwa, na polisi wa Ubelgiji wakalichukua. Halikupimwa vinasaba, maana kulipima kungeliharibu. Tarehe 20 Juni 2022 Brussels ililikabidhi kwa familia, na jeneza zima, la ukubwa wa mtu mzima, likasafirishwa na jino moja ndani yake kupitia Sankuru, Kisangani na kwetu Lubumbashi hadi Shilatembo, kisha likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni. Hata huko halikupumzika: Novemba 2024 kaburi lilivunjwa na wahuni, na wakuu wakasema jino liko salama.

Mpolo na Okito hawakurudishwa hata kwa jino. Mmoja alikuwa waziri wa vijana na michezo, mwingine makamu wa rais wa Seneti. Katika filamu wako pembeni ya fremu, wanapigwa pamoja naye, wanakufa kabla yake au baada yake kutegemea nani anasimulia. Kama kuna jambo ninaloilaumia sinema ya kihistoria, ni hili la kuwazoesha watazamaji kwamba msiba una mwenyewe mmoja tu. Watu watatu walishuka kwenye ndege ile.

Sasa niseme lile gumu, ambalo watu wa Kinshasa hawalipendi na watu wa Lubumbashi hulisema wakiwa peke yao. Katika sinema hizi zote, mji wetu ni uwanja wa wauaji. Kamera inakuja Katanga inapotaka damu. Haiji kuona shule, kambi za wafanyakazi, harusi, foleni ya chumvi. Inashuka Luano, inaingia porini, inaua, inaondoka. Sebuleni kwa baba mkubwa, Tshombe alipotokea kwenye skrini, palisikika sauti mbili kwa pamoja: ya kuzomea, na nyingine, ya mzee wa nyumba ya pili, iliyomwita kwa heshima kama anayemkaribisha mgeni. Wote wawili walikuwa watu wa Kampemba. Mmoja alitoka kwa Waluba waliokimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapa mjini mwaka 1961, makumi ya maelfu ya watu chini ya turubai na mabati, wakiwakimbia askari wa Tshombe. Mwingine baba yake alipata kazi na heshima katika miaka ile miwili na nusu ya Katanga huru, kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Filamu iliwapa mhaini na shujaa. Wao walikuwa na baba.

Na Tshombe naye, kama mnataka kuhesabu maiti, hayuko hapa. Ndege yake ilitekwa angani mwaka 1967 ikapelekwa Algeria, akafia kizuizini Algiers tarehe 29 Juni 1969, akazikwa katika makaburi ya Etterbeek, karibu na Brussels. Kwa hiyo Katanga ilimuua waziri mkuu wa watu ikabaki bila mwili wake, na mwili wa kiongozi wake mwenyewe ukazikwa kwa Wabelgiji. Sijui jimbo jingine lililotengwa na makaburi yake kwa namna hii. Mtu akitaka kutengeneza filamu ya kweli kuhusu Lubumbashi, na aanzie hapo, kwa wazee wawili wanaogombana sebuleni juu ya wafu ambao hawakuzikwa kwao.

Badala yake tumepata *The Siege of Jadotville*, mwaka 2016. Jadotville ni Likasi yetu. Filamu inasimulia kombania ya askari wa Ireland chini ya Pat Quinlan, waliozingirwa na jeshi la Katanga na mamluki Septemba 1961, wakapigana siku tano bila kupoteza hata mmoja, wakaishiwa risasi na maji, wakajisalimisha, na nyumbani wakapewa dharau badala ya medali. Ni kisa cha haki, na wazee wale wa Ireland walistahili kusimuliwa. Ilipigwa picha Afrika Kusini. Wanaume wa upande wa Katanga wanaanguka kwa mafungu, na hakuna anayeitwa kwa jina. Hao wana wajukuu Likasi, Kambove, na hapa Bel-Air. Wameitazama filamu ile kwenye simu.

Wengine wamefutwa kwa njia ya kisheria zaidi. Filamu ya Peck ilipoonyeshwa na HBO nchini Marekani, jina la Frank Carlucci, mwanadiplomasia aliyekuwa Kongo wakati ule na baadaye akawa waziri wa ulinzi, lilizibwa kwa sauti. Mkubwa wa huko anaweza kuomba jina lake liondolewe kwenye historia yetu, na likaondolewa. Yule askari wa Katanga aliyeanguka Jadotville anahitaji jina lake litiwe. Hajui pa kuombea.

Kabla ya haya kulikuwa na sinema ya wakoloni, na hiyo ilitupiga picha mno. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alitembelea Kongo, na André Cauvin akatengeneza *Bwana Kitoko*: shangwe, ngoma, nguo nyeupe, watoto wa shule wamepangwa barabarani. Kampuni ya madini ya Union Minière na wamisionari walionyesha filamu kambini, zile walizoona zinatufaa. Majumba ya sinema ya mjini yalikuwa ya Wazungu. Ukitaka kuona leo mabibi na mababu zako wakitembea, wakicheka, wakibeba mizigo, itakubidi uende Brussels au Tervuren, inakohifadhiwa mikanda ya filamu. Naona wivu kwa hilo kuliko ninavyoona hasira. Picha ni za uongo, lakini miguu inayotembea mle ni ya kweli.

Na palipokuwa na jambo ambalo mkoloni hakutaka lionekane, hakuna mkanda. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mishahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, hapa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na shaba yao ilikuwa inahitajika na majeshi ya washirika. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuwepo. Askari walifyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa. Serikali ya kikoloni ilihesabu makumi ya waliokufa. Watu wa kambini siku zote wamesema walikuwa wengi zaidi.

Aliyetupa picha ya siku ile hakuwa na kamera. Alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliyechora kwa rangi za kawaida juu ya magunia ya unga yaliyotandazwa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha mia na zaidi, huku akizieleza kwa Kiswahili cha huku, na kaseti ikizunguka. Alichora uwanja wa mpira na waliopigwa risasi. Alimchora Lumumba amekufa pamoja na wenzake wawili, misalaba mitatu nyuma yao, na damu ikiandika chini neno la umoja kwa Kifaransa. Ni Golgotha iliyohamishiwa Katanga. Sina uhakika kama kuna filamu iliyowahi kunishika kama mchoro huo, na nimeuona kitabuni tu. Michoro yenyewe iko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kaburi lake halijulikani.

Wachoraji wa aina yake walikuwa wengi wakati ule, na wateja wao hawakuwa watalii. Walikuwa mafundi wa mitambo, makarani, walimu. Picha kama hizo ziliitwa ukumbusho: mji wa zamani, chifu, treni, na ile ya Colonie belge, mfungwa anachapwa viboko mbele ya bendera na Mzungu anavuta kiko. Ziliangikwa sebuleni, juu ya kiti cha baba. Baba mkubwa alikuwa nayo moja ya Colonie belge. Rangi ya bendera ilikuwa imepauka, na mtoto mmoja alikuwa amemchorea Mzungu masharubu kwa kalamu. Televisheni ilipokuja iliwekwa ukuta ule ule, na picha ikashushwa, ikakaa nyuma ya kabati, kisha mvua ikaingia. Hakuna aliyeamua kuitupa. Nadhani ndivyo inavyokuwa katika nyumba nyingi za Kampemba, na ndiyo maana nasita kuwalaumu Hollywood au Brussels peke yao.

Hata kuigiza, tulikuwa tunaigiza. Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo ya Kiswahili cha Lubumbashi miaka na miaka, redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 lilitengeneza mchezo juu ya utawala na ulafi wa madaraka, Rais Mobutu akiwa bado kitini, na watu wakaelewa kila kitu bila kuambiwa. Hayakuandikwa maneno, walipatana juu ya kisa, kisha kila mmoja akasema kama mtaani kwake. Katika filamu ya Peck wakuu wote wanazungumza Kifaransa kilichonyooka. Ni sawa, wakubwa wale walizungumza hivyo. Lakini nani aliyemwambia Lumumba ashuke garini pale Shilatembo, na kwa lugha gani? Yule askari kijana aliyeshika bunduki, aliyezaliwa labda Bunkeya au Kongolo, alimnong'oneza nini mwenzake? Hicho kipande kingeweza kuigizwa hapa, na wazee wa aina ya baba mkubwa wangekaa nyuma ya kamera wakikosoa.

Kwenye kilio cha baba mkubwa wanaume tulilala nje, kama desturi, mbabula mbili za makaa zikiwaka. Usiku wa pili mpwa wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, alianza kuwaeleza wazee jinsi Lumumba alivyouawa, kwa utaratibu wa filamu: ndege, nyumba, msitu, mti. Mzee wa nyumba ya pili, yule yule wa heshima kwa Tshombe, alimkatiza, akasema Tshombe alidanganywa na Wazungu. Mwingine akasema hakuna aliyemdanganya mtu, dhahabu ilikuwa tamu. Wa tatu akauliza Okito alikuwa kabila gani, na hakuna aliyejua. Mpwa akatoa simu atafute. Ugomvi ulipanda mpaka shangazi akatoka ndani, kitenge kimefungwa kiunoni, daftari la michango mkononi, akasimama katikati yetu. Alisema Lumumba ana kaburi lake Kinshasa na Tshombe ana lake Ulaya, ila huyu wa kwetu fundi wa jeneza bado anadai nusu ya pesa, na chai haitatoka jikoni mpaka kila mwanaume aliyekaa pale aandike jina lake.